Mashine inasema sifuri, usukani bado unatetemeka: jibu kwa dereva wa Kasulu

Dereva mmoja wa Kasulu ameniandikia hivi: "Naendesha Land Cruiser mkonga. Miezi mitatu iliyopita tulivua matairi ya 7.50R16 tukafunga ya inchi 35, upana wa inchi 12.5, yenye kashata (vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara) kubwa za tope, pamoja na rimu pana za chuma, kwa sababu ya barabara za Buhigwe na Uvinza wakati wa masika. Tangu hapo, nikiingia lami na kugusa 75 hadi 90, usukani unatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi. Nimebalansi, yaani nimesawazishiwa uzito wa magurudumu kwa mashine, mara mbili Kigoma mjini. Mashine ilionyesha sifuri, nikarudi nyumbani vizuri, baada ya siku mbili tatizo likarudi. Rafiki mmoja ananiambia nitie gololi ndani ya matairi, mwingine anasema nitie maji kama ya trekta. Nimsikilize nani?"

Ndugu yangu, katika maelezo yako yote neno lililonishtua ni hilo la "baada ya siku mbili". Kama balansi ingekuwa imekosewa tangu mwanzo, gari lingetetemeka ukiwa bado hujatoka Kigoma. Lilitulia, kisha likaharibika. Kwa hiyo kuna kitu kilihama, kilidondoka au kiliongezeka ndani ya siku hizo mbili, na kabla hujanunua gololi wala kitu kingine chochote inabidi tukijue kitu hicho.

Ninachokishuku kwanza ni tairi kuzunguka juu ya rimu. Fundi tairi akipaka sabuni nyingi, au vibaya zaidi grisi au oli chafu ili tairi liingie kwa urahisi, mdomo wa tairi, yaani ukingo unaokaa kwenye rimu, unabaki na utelezi. Unatoka gereji, unafunga breki kwa nguvu mara mbili tatu, au unapunguza upepo ili upite kwenye tope, na tairi linajisogeza kidogo huku rimu ikibaki palepale. Vipande vya risasi, ile metali nzito ya kusawazishia gurudumu, vimebandikwa kwenye rimu, ila upande mzito wa tairi umeshahama, kwa hiyo risasi iliyowekwa kutibu sasa inaongeza ugonjwa. Kipimo chake ni chaki tu. Chora mstari mmoja mnyoofu kuanzia kwenye valvu ya rimu kupanda juu ya ubavu wa tairi, magurudumu yote manne, kisha tembea kilomita 100 na uangalie. Mstari ukivunjika, umepata jibu bila kulipa hata shilingi. Dawa yake ni kuvua tairi, kusafisha mdomo wake na rimu mpaka pakauke kabisa, kulifunga tena kwa maji ya sabuni machache, na kuliacha likauke usiku kucha kabla ya kubalansi. Oli, grisi na dizeli visikaribie mdomo wa tairi, kwa sababu vinateleza na pia vinaudhoofisha mpira wenyewe.

Ninachokishuku baada ya hapo ni ule udongo mwekundu wa kwenu. Rimu pana ina tumbo kubwa upande wa ndani, na tope likiingia humo na kukauka linashika kama tofali. Wengi wanaosha gari kwa nje, linang'aa, huku ndani ya rimu kuna robo kilo ya udongo imekaa upande mmoja.

Nikuonyeshe kwa hesabu kwa nini robo kilo si kitu kidogo. Tairi la inchi 35 likienda kilomita 90 kwa saa linazunguka mara 9 hivi kila sekunde. Gramu 100 zilizokaa kwenye ukingo wa rimu ya inchi 16 zinavuta kwa nguvu ya kati ya kilo 6 na 7, na mvuto huo unageuka juu, mbele, chini, nyuma, mara 9 kwa sekunde. Gramu 300 za tope zinavuta karibu kilo 20. Sasa punguza mwendo mpaka 45. Mvuto unashuka hadi robo, maana nguvu hiyo huongezeka kwa mraba wa mwendo, na zile gramu 100 hazifikishi hata kilo 2. Ndiyo maana kwenye vumbi husikii chochote na kwenye lami mikono inakufa ganzi. Ndiyo maana pia nakuomba usimwambie fundi "linatetemeka" tu. Mwambie linaanza kwenye mwendo gani na linaisha kwenye mwendo gani, na kama unalisikia mkononi au kwenye kiti. Mkononi mara nyingi ni magurudumu ya mbele, kwenye kiti ni ya nyuma.

Jambo jingine la kuangalia ni risasi zenyewe kudondoka. Zile za kugongwa kwenye ukingo wa nje wa rimu hazidumu porini, jiwe moja au kisiki kimoja kinazing'oa. Za kubandika nazo zinaachia kama rimu ilikuwa na vumbi au mafuta. Tafuta alama za mahali zilipokuwa.

Baada ya hapo ndiyo tuzungumzie umbo. Hapa naomba uwe mvumilivu, kwa sababu ndipo fedha nyingi za wateja zinapopotelea. Tairi kubwa la tope ni zito, mara nyingi kilo 30 na zaidi bila rimu, na kashata zake nene haziwi sawasawa kama za tairi la taksi. Tairi likiwa halikukaa vizuri kwenye rimu, au si la duara kamili, hakuna risasi itakayolitibu. Mashine ya balansi hulizungusha likiwa linaning'inia hewani, haioni kwamba likigusa barabara linainua gari milimita tatu kila mzunguko. Uzito unaweza kuwa sifuri na gari likarukaruka vilevile.

Lijaribu mwenyewe nyumbani. Inua gurudumu kwa jeki, weka stendi imara chini ya ekseli, kisha simamisha kipande cha mbao chenye msumari karibu na kashata za katikati. Zungusha gurudumu polepole, uangalie nafasi kati ya msumari na mpira inavyopanuka na kupungua. Rudia kwenye ukingo wa rimu. Kwa kazi yangu, rimu ikicheza zaidi ya milimita moja na nusu naitilia shaka, na tairi la ukubwa huo likipita milimita tatu sianzi kubalansi kwanza. Angalia pia ule mstari mwembamba uliochorwa kiwandani kwenye ubavu wa tairi, karibu kabisa na rimu. Unatakiwa uwe umbali uleule kutoka kwenye rimu kuzunguka pote. Ukizama sehemu moja, mdomo wa tairi haujakaa. Toa upepo wote, usukume mdomo uachie, paka maji ya sabuni, jaza tena.

Hapo penye kujaza nisimame kidogo. Usipitishe PSI 40 kujaribu kukalisha mdomo wa tairi. Likigoma, toa upepo, paka sabuni, anza upya. Tumia mpira mrefu wa upepo wenye kichwa cha kujishika chenyewe, nawe usimame pembeni, usiinamie juu ya tairi. Tairi likipasuka katika hatua hiyo linaua, na hakuna safari ya haraka kiasi hicho.

Umbo likiwa safi na bado mashine inadai uzito mwingi, usikubali kubandikiwa mlolongo wa risasi. Kanuni ninayoifuata ni kwamba gurudumu moja likidai zaidi ya gramu 200, tunalivua tairi na kuligeuza nusu mzunguko juu ya rimu. Rimu ina upande wake mzito, tairi nalo lina wake. Zikikutana pande mbili nzito, mzigo unajumlishwa, zikitazamana, zinafutana. Gari la wanunuzi wa asali kutoka Sikonge liliwahi kuingia kwangu hapa Tabora likiwa na gramu 280 kwenye gurudumu moja la mbele. Tuliling'oa tairi, tukaligeuza nusu, na dai likashuka hadi gramu 110. Hatukutumia kipuri chochote, ni jasho tu la kuvua na kuvisha. Matairi mapya yakiwa na doa la njano ubavuni, hilo kwa kawaida ni upande mwepesi na hukaa usawa wa valvu. Doa jekundu ni sehemu iliyoinuka zaidi, nalo hulinganishwa na alama ya sehemu ya chini kwenye rimu kama rimu inayo. Yako yametembea miezi mitatu, madoa yatakuwa yamefutika, kwa hiyo geuza na upime.

Sasa mashine. Rimu pana za kununua madukani mara nyingi zina tundu kubwa la katikati, na hazijikazi kwa tundu hilo zikiwa kwenye gari. Zinajikaza kwa nati. Fundi akiziweka kwenye mashine kwa koni (kile kipande kinachoingia tundu la katikati) peke yake, gurudumu linakaa pembeni kidogo ya kiini na mashine inapima kosa la kufunga, haipimi tairi. Inapata sifuri yake, lakini sifuri hiyo inaishia gereji. Omba atumie koni upande wa nyuma pamoja na sahani yenye vidole vinavyoingia kwenye matundu ya nati. Kisha umwombe jambo moja asilolipenda kwa sababu linamchelewesha: baada ya sifuri, alegeze gurudumu, aligeuze nusu mzunguko kwenye shafti ya mashine, akaze, azungushe tena. Sifuri ikibaki sifuri au gramu chache, mwamini. Ikirukia 30 au 40, gurudumu halijakaa katikati, na kazi yote ianze upya. Fundi anayejali kazi yake hatakasirika. Mimi mteja akiniomba hivyo namheshimu.

Upana wa tairi lako nao una maneno. Kuna kosa la uzito linalorusha gurudumu juu na chini, na kuna lile la uzito kukaa ndani upande huu na nje upande ule, linaloyumbisha gurudumu kushoto na kulia. Tairi jembamba kama 7.50 linasumbuliwa zaidi na la kwanza. Lako lenye inchi 12.5 linasumbuliwa sana na la pili, na ndilo linaloutikisa usukani. Kwa hiyo mashine iwekwe kwenye mpango wa kupima pande mbili, ndani na nje ya rimu, na vipimo vya rimu viingizwe kwa kupima kweli, si kwa kukisia. Risasi za upande wa nje zibandikwe ndani ya pipa la rimu, nyuma ya uso wake, mahali jiwe halifiki. Chuma kikwanguliwe, kifutwe kwa spiriti, kikauke, na juu ya risasi ipite gundi ya karatasi ngumu ili maji ya kuoshea yasiziinue. Ukiwa hapo, zile zilizong'olewa zisiachwe chini. Risasi ni sumu kwa mtoto, hata vumbi lake. Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye balansi za magari madogo mwaka 2005 kwa sababu hiyo. Huko ziwani naomba sana zisiokotwe na watoto wakaziyeyusha jikoni ziwe uzito wa nyavu. Nawe nawa mikono kabla ya kula.

Rafiki yako wa gololi hajakudanganya, amekupa nusu ya habari. Kuna punje ndogo za kioo au kauri zinazotengenezwa kwa kazi hii, unaziingiza ndani ya tairi zikiwa huru, na likizunguka kwa kasi zinajipanga zenyewe kuelekea upande ulio mwepesi. Kanuni yake ni ya kweli, hutumika hata kwenye mashine za kufulia nguo zenye pete ya gololi. Ila ina sharti: kitu kinachotetemeka lazima kiwe kinazunguka kwa kasi inayozidi mtetemo wake wa asili. Chini ya hapo punje hazijui pa kwenda, na zinaweza kukusanyika upande mbaya. Ekseli nzito ya mkonga pamoja na tairi la inchi 35 kwenye mwendo wa 80 haiko mbali na mpaka huo, na ndiyo maana utakutana na dereva anayeapa kwamba gololi zimemwokoa na mwingine anayeapa hazikumsaidia kitu. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli.

Mimi nazikubali kwa kazi moja. Kama gari linaishi kwenye tope na mawe, risasi zinang'oka kila mwezi, na tairi lenyewe ni la duara na rimu ni nzima, punje za kioo zinafuta mabaki madogo na zinaendelea kujirekebisha kadiri kashata zinavyoisha. Kwa tairi lako huwekwa takriban gramu 250 hadi 350, na risasi zote zinatolewa kwanza. Ziwe za kioo au kauri. Gololi za chuma za beringi kuukuu usizitie: zina mafuta, zinashika kutu na zinakwangua utando wa ndani wa tairi. Zile za plastiki za bunduki za kuchezea husagika zikawa unga. Mchanga hunyonya unyevu na kuganda. Unyevu ndio adui wao mkubwa, na hewa ya ziwa mnaijua. Mtungi wa kompresa ukiwa na maji, punje zitashikana ziwe donge, na donge la gramu 300 upande mmoja ni balaa kuliko tatizo ulilonalo. Mwambie fundi afungue bomba la chini la mtungi atoe maji kwanza, mbele ya macho yako. Weka valvu yenye chujio, vinginevyo punje zitaziba siku ya kupunguza upepo. Fundi pancha yeyote ajulishwe kabla hajavua tairi, na dawa ya majimaji ya kuzibia pancha isitiwe humo. Tairi lenye tyubu lisitiwe punje kati ya tyubu na tairi, zitaitafuna.

Maji hapana. Matrekta ya mashamba ya tumbaku Urambo yana maji kwenye matairi ili yawe mazito na yasiteleze shambani, kwa mwendo wa jembe. Kwenye lami maji yatasukasuka kila ukipunguza mwendo, yataozesha rimu kwa ndani, na kila gurudumu litakuwa na mzigo ambao breki zako hazikuuomba.

Kuna njia nyingine ukiwa Kasulu na hutaki kwenda na kurudi Kigoma. Inua gurudumu la mbele, fungua frihabu (kufuli la habu linalounganisha gurudumu na shafti) ili shafti ya ndani isizunguke nalo, hakikisha breki hazibani kabisa na beringi zimekaa sawa. Liache gurudumu lizunguke lenyewe lisimame. Upande mzito utaenda chini. Weka alama ya chaki juu, bandika uzito kidogo hapo kwa gundi ya karatasi, jaribu tena, ongeza au punguza mpaka gurudumu lisimame popote unapoliacha. Kisha ugawe uzito huo nusu ndani ya rimu na nusu nje. Njia hii haiwezi kuona lile kosa la pili la kuyumba pembeni, lakini itakuonyesha kama una kosa la gramu 50 au la 300, na kukupa safari ya kwenda mjini bila maumivu.

Na kama yote hayo ni safi na bado usukani unapiga, hasa ukipiga shimo moja kisha gari zima likaanza kujitikisa kwa nguvu mpaka usimame, hiyo si balansi tena. Tairi zito limeyaonyesha mapengo yaliyokuwa yamejificha kwenye ekseli ya mbele. Shika gurudumu lililoinuliwa juu na chini, ulisukume na kulivuta: likicheza, ni beringi za habu au beringi za mhimili wa geuza. Shika kushoto na kulia: likicheza, ni tai rodi, fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu. Kama gari lako ni la springi za koili, mwenzako ageuze usukani kulia na kushoto gari likiwa chini, wewe uangalie bushi za ile fimbo ndefu inayoishika ekseli isiende pembeni. Shokapu ya usukani isibadilishwe kwanza, maana mpya itaficha ugonjwa kwa wiki chache na bushi zitaendelea kula. Likikutokea njiani, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani kwa uthabiti, usikanyage breki ghafla.

Kwa hiyo kesho asubuhi anza na ndoo ya maji, brashi na chaki. Osha ndani ya rimu zote nne, angalia risasi zilizobaki, chora mistari. Wakati wa kurudisha gurudumu, kaza nati kwa msalaba likiwa bado juu kidogo, ushushe, ukamilishe chini. Tembea, kisha uniandikie mstari umefanya nini.

Kuna jambo ambalo hukuuliza, ila linakuhusu. Tairi la 7.50R16 lina kimo cha inchi 32 kasoro kidogo, na sasa una 35. Kama mita ya mwendo haikurekebishwa, inakupunja kwa karibu moja ya kumi: sindano ikisoma 80, gari linaenda 88 hivi. Huo mtetemo unaousikia kuanzia 75 kwa kweli unaanzia zaidi ya 80, mwambie fundi namba hiyo. Na ukipita vijijini penye kibao cha 50, sindano yako iishie kwenye 45.